Mkono wa Mtoto Unapofika

Desemba iliyopita, siku ya tatu tangu nirudi Tanga kwa likizo, nililitoa kabati la vyombo la Bibi hadi uani, nikaliegemeza kwenye ukuta wa jiko na kuanza kulipiga msasa. Ni kabati la mbao za kawaida, refu kunizidi kwa shibiri moja, lenye milango miwili ya vioo juu na miwili ya mbao chini. Babu alilitengenezesha mwaka 1974, mwaka aliozaliwa mama yangu, na fundi akalipaka rangi ya mafuta ya kijani iliyokolea, ile ya kung'aa mpaka unajiona. Baada ya hapo likapakwa tena na tena, kijani juu ya kijani. Pembeni, pale milango inaposuguana na fremu, rangi ilikuwa imebanduka na unaweza kuzihesabu tabaka zake kama pete za mti.

Mimi nilitaka lisiwe linang'aa. Kwa miezi kadhaa, kila nilipochoka kusoma, nilikuwa naangalia kwenye simu video za watu wanaofufua samani za zamani: kabati, meza, fremu za vioo, vishikio vya droo, hata vinara vya taa. Wanazipaka rangi nzito isiyong'aa, ya kijivu au nyeupe iliyofifia, kisha wanasugua kingo kidogo ili mbao ionekane. Kitu kinatoka kikiwa kimetulia, kama kitambaa. Nikasema, Bibi naye apate kabati la namna hiyo.

Vumbi la msasa lilikuwa la kijani hafifu. Lilitua sakafuni, kwenye majani ya mpapai, kwenye nguo zangu. Mpwa wangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka miwili na nusu, alikuja akachuchumaa pembeni yangu na kuchora mistari kwenye vumbi kwa kidole. Kisha akakitia kidole mdomoni. "Toa kidole mdomoni," nikamwambia, kama tunavyowaambia watoto wote mara ishirini kwa siku, nikaendelea kusugua.

Nimeandika insha hii kwa sababu ya kidole kile.

*

Nyumba yetu iko Ngamiani. Ni nyumba ya kawaida ya mtaa ule: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba pande zote mbili, uani nyuma. Ukiingia ukumbini utaona ukuta wenye sehemu mbili. Kuanzia sakafuni hadi usawa wa kifua umepakwa rangi ya mafuta ya buluu. Kuanzia hapo hadi darini ni chokaa nyeupe. Katikati umepita mstari mwembamba wa kahawia, ulionyooka kwa rula. Hata kama hujawahi kufika kwetu, ukuta huu unaujua. Ulikuwa darasani kwenu, ulikuwa zahanati, ulikuwa ofisi ya kata.

Kwa miaka mingi niliudhani kuwa ni urembo tu. Sasa, baada ya mwaka mmoja na nusu wa shahada ya uzamili ya historia, nauona mstari ule kama mpaka kati ya zama mbili. Juu yake ni rangi ya kale ya pwani hii. Chini yake ni rangi iliyokuja kuishinda.

Chokaa yetu ilitoka baharini. Mafundi walipanga magogo kwa duara, wakarundika juu yake vipande vya matumbawe, wakawasha moto. Joto likifika kama nyuzi 900 za Selsiasi, jiwe la matumbawe, ambalo ni kalsiamu kaboneti, linatoa hewa ya kaboni dioksaidi na kubaki unga mweupe mkali unaochoma ngozi. Rundo likanyweshwa maji na umande na kuachwa likomae. Kisha likawa chokaa ya kujengea, ya kupigia lipu na ya kupaka. Ikishapakwa ukutani inafanya jambo la ajabu: inaivuta tena ile hewa iliyoipoteza motoni, na polepole inarudi kuwa jiwe. Ukuta uliopakwa chokaa ni tumbawe lililorudishwa kwa njia ndefu.

Kwa chokaa hiyo ulijengwa Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, na Husuni Kubwa ya karne ya 14 juu ya jabali lake. Kwa chokaa hiyo pia, Lamu ya karne ya 18 ilifikia ufundi ambao mpaka leo wageni wanaupiga picha: zidaka, yaani safu za vishubaka vilivyochongwa kwenye lipu ya chumba cha ndani, vimepangwa kuanzia chini hadi juu kama sega la nyuki. Humo waliweka vyombo vya thamani, vikiwemo vyungu na sahani za kauri kutoka China. Nilipozisoma habari za zidaka kwa mara ya kwanza nilicheka peke yangu maktabani. Niliona kabati la Bibi, na vikombe vyake vya maua ambavyo hakuna mtu aliyewahi kuruhusiwa kuvinywea. Kabati la vyombo ni mjukuu wa zidaka. Tofauti ni kwamba zidaka hazing'ai.

Kung'aa au kutong'aa ni suala la sura ya juu ya rangi, sura ndogo kuliko jicho linavyoweza kuona. Rangi yoyote ina unga unaotoa rangi yenyewe na gundi inayoushika unga. Gundi ikiwa nyingi inaufunika unga wote na kukauka kama kioo, na mwanga unaruka kutoka humo kwa pamoja, kama kwenye maji yaliyotulia. Unga ukizidi, chembe zake zinachomoza, uso unakuwa na vilima na mabonde, na mwanga ukigonga hapo unatawanyika kila upande. Chokaa ni karibu unga mtupu. Ndiyo maana imepoa machoni, na ndiyo maana pia ukiiegemea unaondoka na mgongo mweupe. Nyumbani kwetu ilirudiwa kila mwaka kabla ya Ramadhani. Nilipokuwa mdogo, harufu ya chokaa mbichi ndiyo iliyonijulisha kwamba mwezi unakaribia.

Hiyo ndiyo kasoro iliyoiangusha. Chokaa inachafuka, inamomonyoka, na huwezi kuiosha. Alama ya mkono wa mtoto ikishaingia, imeingia.

*

Rangi ya mafuta ilikuja na ahadi moja kubwa: chukua kitambaa chenye maji, futa, kimekwisha. Ahadi hiyo iliwavutia madaktari, walimu wakuu na akina mama kwa pamoja. Hapo ndipo mstari wetu wa ukutani ulipozaliwa. Rangi ya mafuta ni ghali, kwa hiyo haipakwi ukuta mzima. Inapakwa pale panapochafuka, yaani pale miili inapogusa. Juu, ambako hakuna anayefika, chokaa inatosha. Na kitu kinachoguswa kila siku, kama kabati, mlango, fremu ya dirisha na kitanda cha mtoto, kinapakwa chote.

Kwa karne nyingi, moyo wa rangi bora ya mafuta ulikuwa risasi. Kiswahili kinatumia neno hilo hilo kwa madini na kwa kile kinachotoka kwenye mtutu wa bunduki, na baada ya miezi hii siwezi tena kulisikia neno moja bila lingine.

Waholanzi waliitengeneza rangi nyeupe ya risasi hivi: mikunjo ya bamba la risasi iliwekwa ndani ya vyungu juu ya siki, vyungu vikafukiwa katika samadi ya farasi, na chumba kikafungwa kwa wiki nyingi. Mvuke wa siki na hewa ya samadi viliila risasi mpaka ikafunikwa na magamba meupe. Magamba yalisagwa, yakachanganywa na mafuta ya kitani. Matokeo yake ilikuwa rangi inayofunika vizuri, inayokauka ikiwa imara na yenye kunyumbulika, isiyoogopa mvua. Risasi haikuishia kwenye nyeupe. Rangi ya njano ya kromu ni risasi. Ukiichanganya njano hiyo na buluu ya Prussia unapata kijani kilichokolea, kinachodumu, kilichopendwa sana kwa milango, mashine na samani.

Kijani.

Kwamba risasi ni sumu haikuwa siri. Vitruvius, msanifu majengo wa Roma, aliandika miaka kama 2000 iliyopita kwamba maji yapitishwe kwenye mabomba ya udongo badala ya ya risasi, na akawatolea mfano mafundi wa risasi, ambao nyuso zao zilikuwa zimepauka. Wapaka rangi wa Ulaya waliujua msokoto wa tumbo uliokuwa ugonjwa wa kazi yao, na mikono iliyolegea kwenye kifundo isiinuke tena. Ufaransa ilipitisha sheria ya kuipiga marufuku rangi nyeupe ya risasi mwaka 1909. Mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani, likiwa changa bado, lilipitisha mkataba wa kuizuia ndani ya majengo, pamoja na kuwakataza wanawake na vijana wa chini ya miaka 18 kazi za viwandani za kupaka rangi hiyo. Uingereza, ambayo ndiyo kwanza ilikuwa inaanza kuitawala Tanganyika, haikuuridhia.

Niliusoma mkataba ule mara mbili. Unazungumzia mikono inayoshika brashi. Watoto watakaoishi na ule ukuta baada ya fundi kuondoka hawamo.

*

Januari nilirudi Dar es Salaam. Utafiti wangu wa shahada hauhusu rangi. Unahusu afya ya miji wakati wa ukoloni, mifereji na mbu zaidi ya kitu kingine. Katika kutafuta jinsi madaktari wa zama zile walivyozitazama nyumba, nilikutana na jina la J. Lockhart Gibson, daktari wa macho wa Brisbane, huko Queensland, Australia.

Queensland ni nchi ya joto. Nyumba zake za zamani ni za mbao, zimeinuliwa juu ya nguzo, na kuzunguka nyumba kuna varanda yenye vizuizi vya mbao ambako familia hupunga upepo. Mbao za varanda zilipakwa rangi. Katika miaka ya 1890 yeye na mwenzake A. Jefferis Turner, katika hospitali ya watoto ya mji ule, walikuwa wakipokea watoto wenye maumivu ya tumbo, miguu na mikono iliyopooza, wengine macho yakiharibika. Waliitambua kuwa ni sumu ya risasi. Kilichowasumbua ni chanzo. Watoto hawa hawakufanya kazi kiwandani.

Mwaka 1904 Gibson alichapisha jibu lake. Rangi ya varanda, ikishapigwa na jua la Queensland kwa miaka, inakuwa unga. Mtoto anashika kizuizi, anachungulia barabarani, unga unabaki vidoleni. Kisha mtoto anafanya wanachofanya watoto wote: ananyonya kidole au anatafuna kucha. Basi. Alitaka rangi ya risasi isitumike mahali watoto wanapofika. Wengi hawakumwamini kwa miaka. Mwaka 1922 Queensland ikaweka sheria ya kuizuia kwenye vizuizi na nyua zilizo karibu na mikono ya watoto.

Nilikuwa nimekaa ghorofa ya juu ya maktaba, feni inazunguka. Nikaona vumbi la kijani uani kwetu, mistari iliyochorwa kwa kidole, na kidole.

Nilikwenda nje, nikakaa kwenye ngazi, nikampigia dada yangu.

"Dada, mtoto hajambo?"

"Hajambo, amelala. Vipi, mbona sauti hiyo?"

Nikamweleza. Nilijaribu kueleza taratibu: kwamba rangi za zamani zilikuwa na risasi, kwamba kijani cha aina ile mara nyingi kilitengenezwa kwa risasi, kwamba risasi inakaa kimya ndani ya rangi mpaka mtu aisugue ikavu, na kwamba mtu huyo alikuwa mimi. Nikamwambia mwili wa mtoto unainyonya risasi iliyomezwa mara nne au tano zaidi ya mwili wa mtu mzima, kwa sababu mwili unaidhania kuwa ni kalsiamu na kuipeleka kwenye mifupa.

Alinyamaza muda mrefu.

"Ulijua?" akauliza.

"Sikujua."

"Sasa nifanye nini?"

Nilimwambia niliyoyasoma. Uani pasifagiliwe pakavu, papigwe deki kwa maji na sabuni. Mtoto aoshwe mikono kila kabla ya kula. Apate maziwa, dagaa, mboga za majani, kwa sababu mtoto mwenye kalsiamu na madini chuma ya kutosha hainyonyi risasi kwa wingi kama mwenye upungufu. Na apimwe damu. Alimpeleka siku iliyofuata. Daktari alimsikiliza vizuri, akamtazama mtoto, akasema anaonekana mzima, na kwamba kipimo hicho hapo hawana.

Jioni Bibi alichukua simu. "Mjukuu wangu, mbona unamtia mwenzio hofu? Kabati hilo nyote mmekua nalo. Wewe mwenyewe ulikuwa unalilamba. Na angalia ulipofika."

Hapo ndipo ugumu wa risasi ulipo, na sikuweza kumjibu Bibi kwa simu. Mwaka 1979 Herbert Needleman, daktari wa watoto wa Marekani, alichapisha utafiti wa watoto wa shule wa Massachusetts ambao walionekana wazima kabisa. Aliomba meno yao ya utotoni yalipong'oka, akapima risasi iliyokuwa humo. Waliokuwa na nyingi walifanya vibaya zaidi katika vipimo vya akili na walishindwa zaidi kutulia darasani. Hakuna hata mmoja ambaye mama yake angemtazama na kusema huyu ana sumu. Hasara ilionekana tu walipowekwa wengi pamoja na kulinganishwa. Mtoto mmoja hana nakala yake ambayo haikulamba kabati. Siwezi kujua ningekuwa nani, na Bibi naye hawezi.

Marekani ilipiga marufuku rangi za risasi za majumbani mwaka 1978. Leo Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Kikomo kinachopendekezwa kwa rangi mpya ni sehemu 90 kwa milioni, na nchi zetu za Afrika Mashariki zimekiingiza katika viwango vyao. Lakini hilo ni la miaka ya karibuni. Asasi ya AGENDA ya Dar es Salaam, ikishirikiana na mtandao wa kimataifa wa IPEN, imekuwa ikinunua rangi za mafuta madukani na kuzipima, na katika vipimo hivyo yalipatikana makopo yaliyovuka kikomo kwa mbali, hasa ya rangi kali kama njano. Na hata leo kila kopo likiwa safi, kanuni ya kopo jipya haiondoi tabaka ambazo tayari ziko kwenye milango, vitanda na madawati. Hizo zinasubiri msasa wa mtu kama mimi.

*

Jambo lililoniaibisha zaidi nililigundua mwisho. Mtindo ule wa video, uliosababisha yote haya, haukutaka msasa.

Rangi isiyong'aa ya samani kama inavyouzwa leo inatokana kwa kiasi kikubwa na Annie Sloan, mchoraji wa Oxford, Uingereza, aliyeitengeneza mwaka 1990 na kuiita rangi ya chaki. Alitaka rangi ambayo mtu ataipaka moja kwa moja juu ya samani kuukuu, bila kuipiga msasa na bila kuanza na rangi ya msingi. Unga mwingi ndani yake unaifanya ishike karibu kila mahali. Ikikauka inafungwa kwa nta. Watu walioiga mtindo waliongeza msasa kwa sababu wanapenda kingo zilizochakaa, na mimi niliwaiga walioiga.

Uchakavu huo wenyewe una ukoo mrefu. Kabla ya viwanda, watu wa Ulaya walipaka samani zao kwa rangi za kupika nyumbani: chaki na gundi ya ngozi, au maziwa yaliyoganda yakachanganywa na chokaa. Huko Sweden, wakati wa mfalme Gustav III aliyetawala kuanzia 1771 hadi 1792, viti na makabati ya kifahari yalipakwa kijivu kilichofifia ambacho sasa ndicho kila mtu anakitafuta kwenye simu. Mwaka 1916 Vanessa Bell na Duncan Grant walihamia nyumba ya shamba ya Charleston, kusini mwa Uingereza, wakapaka milango, vitanda, makabati na kuta zake kwa mikono yao. Rangi ya kung'aa ilipokuwa imefika kila nyumba, kutong'aa kukawa ishara ya mtu mwenye jicho. Ngamiani mambo ni kinyume. Hapa kung'aa bado kunamaanisha kwamba mwenye nyumba alikuwa na fedha ya kununua kopo. Babu hakulipaka kabati kijani kwa kukosa ladha. Alitaka kila mgeni anayeingia ukumbini aone kwamba mambo si mabaya.

Na chaki ni nini? Ni mabaki ya viumbe vidogo sana vya baharini, vilivyojirundika chini ya maji kwa mamilioni ya miaka. Ni kalsiamu kaboneti. Ni kile kile kilichomo kwenye matumbawe yetu, kwenye mawe ya mapango ya Amboni nje ya mji wa Tanga, kwenye chokaa iliyo juu ya ule mstari wa ukumbini. Nilikuwa natamani kuagiza kwa bei kubwa, kutoka mbali, kitu ambacho nusu ya juu ya ukuta wetu ilikuwa nacho tangu kabla sijazaliwa.

*

Aprili nilirudi nyumbani. Kabati lilikuwa bado uani, limefunikwa turubai, upande mmoja umesuguliwa nusu. Dada alikuwa amepiga deki pale mara nyingi kiasi kwamba sakafu ilikuwa nyeupe kuliko sehemu nyingine zote. Hatukulizungumza. Alimchukua mtoto wakaenda kushinda kwa shangazi, mtaa wa pili.

Sikugusa msasa mkavu. Nililiosha kabati kwa maji na sabuni, kitambaa kikichafuka nakitia kwenye mfuko wa plastiki badala ya kukisuuza. Magamba yaliyolegea niliyalowesha kwanza kwa maji kabla ya kuyabandua. Nilivaa barakoa na nguo ambazo baadaye nilizifua peke yake. Kisha nikatengeneza rangi. Nilinunua rangi ya maji dukani, nikachukua unga wa jipsamu, ule wa mafundi wa dari, nikaukoroga kwanza na maji mpaka ukawa laini kama uji, halafu nikauchanganya na rangi, sehemu moja kwa tatu. Inabidi ufanye haraka, maana jipsamu haingoji. Mkono wa kwanza ulionekana vibaya, wenye mabaka. Wa pili ulikaa. Kijani kikazama chini ya kijivu cha mawingu ya masika.

Rangi mpya haiiondoi ya zamani. Inaifunika tu, na inaifunika vizuri pale ambapo hakuna kinachosuguana. Milango ya chini ilikuwa ndiyo tatizo. Kila inapofunguliwa inakwaruza fremu, na kila mkwaruzo unatoa unga kidogo, sentimita 40 kutoka sakafuni. Nilikaa nikaitazama muda mrefu, kisha nikafungua bawaba na kuing'oa yote miwili. Nikaifunga kwenye plastiki nzito na kuipandisha darini, kwa kuwa sikupata mtu wa kuniambia itupwe wapi. Mahali pake nikatundika kanga ya Bibi kama pazia.

Siku mbili baadaye, ilipokauka, tuliliingiza ukumbini na Bibi akavirudisha vikombe vyake kimoja kimoja. Alipomaliza alirudi nyuma akaliangalia.

"Limefubaa," akasema.

"Ndivyo nilivyotaka, Bibi."

Akasogea, akapitisha kiganja ubavuni mwa kabati, akakitazama. Kilikuwa na ukungu mweupe. "Kama ukuta wa kwa mama yangu," akasema, akajifuta kwenye kanga yake na kwenda zake jikoni.

Nilikuwa sijalipaka nta bado. Nilikuwa nimeyeyusha nta ya nyuki kwenye kopo lililokalishwa ndani ya maji ya moto, nangoja ipoe. Mpwa wangu aliingia akitokea barazani, akaenda moja kwa moja kwenye pazia, akalivuta, akachungulia ndani ya giza la kabati kama mtu anayemtafuta mwenziwe. Kisha akaweka mikono yote miwili kwenye fremu ili ainuke. Aliponigeukia viganja vilikuwa vyeupe.

Nilijua unga ule ulitoka wapi. Niliuchanganya mwenyewe. Nilimchukua hata hivyo, nikampeleka bombani, na nikamwosha kidole kimoja kimoja kwa sabuni, mpaka akachoka na kuanza kulia.